Mchambuzi wa Kura Kwenye Televisheni na Mpiga Kura wa Ukambani

(Hotuba ya wakili mmoja mbele ya waumini na wanaharakati wa Kitui na Makueni)



Mmeniita niseme juu ya kura, nami nimechagua kusema juu ya mtu ambaye hagombei kiti chochote, hahesabu sanduku lolote, wala jina lake halimo katika karatasi ya kupigia kura, ilhali usiku wa uchaguzi ndiye tunayemkodolea macho kuliko hata mwenyekiti wa tume. Namzungumzia mchambuzi wa televisheni, yule bwana au bibi aketiye mbele ya ramani yenye rangi nyingi akitueleza nani ameshinda, na mara nyingine akitueleza hayo kabla hatujapiga kura hiyo moja. Nasema habari zake kwa sababu katika safari zangu za mahakamani, kutoka Wote hadi Mwingi, hukutana na vijana wenye kitambulisho mfukoni ambao hawajajiandikisha, na nikiwauliza sababu hunijibu kwa maneno ambayo hawakuyatoa kwa baba zao. Husema, "Wakili, namba zetu hazitoshi." Maneno hayo yana mwenyewe na yana tarehe, na leo nataka tuyafuate hadi kwao.

Kazi ya mchambuzi wa uchaguzi haikuzaliwa kwetu. Mwezi wa Februari 1950, shirika la BBC la Uingereza lilipotangaza kwa mara ya kwanza matokeo ya uchaguzi mkuu kwa njia ya televisheni, kijana mmoja wa umri wa miaka 25 kutoka Chuo Kikuu cha Oxford, jina lake David Butler, aliketishwa studioni awafafanulie watazamaji maana ya takwimu zilizokuwa zikiingia. Aliifanya kazi hiyo katika chaguzi zilizofuata hadi 1979, naye akafariki Novemba 2022 akiwa na umri wa miaka 98. Butler aliwafundisha watu kupima jinsi kura zinavyohama kutoka chama kimoja kwenda kingine tangu uchaguzi uliotangulia. Kama katika majimbo machache ya kwanza watu watatu katika kila mia wamekihama chama tawala, basi yaelekea katika majimbo mengine watahama kwa kiasi kilicho karibu na hicho, na mchambuzi aweza kukisia mwisho wa usiku akiwa bado mwanzoni mwake.

Lakini angalieni sharti la hesabu hiyo. Inahitaji vyama vilevile vishindane mwaka huu na miaka mitano ijayo, ili kuwe na jambo la kulinganishwa. Sisi tuna nini? Mheshimiwa Kalonzo Musyoka, ambaye wengi hapa wamempigia kura mara nyingi, alikuwa KANU, akaingia NARC mwaka 2002, akagombea urais kwa ODM-Kenya mwaka 2007 na kupata karibu kura laki tisa, akaingia CORD mwaka 2013, NASA mwaka 2017, na Azimio mwaka 2022. Mchambuzi wa Kenya akikosa chama cha kudumu cha kupimia, hutafuta kitu kingine kinachoonekana hakibadiliki, naye hukiona kimoja tu: kabila. Hilo ndilo shina la jambo hili. Wala si lazima awe mtu mbaya ndipo afike huko. Amenyang'anywa vyama na wanasiasa wetu, akabaki na ramani ya lugha.

Wazee walioko hapa wanajua kwamba zamani hata huyo mchambuzi asingekuwa na kazi. Mwaka 1988 watu walipangwa foleni nyuma ya wagombea katika ule mlolongo wa aibu, na aliyetangazwa kupata asilimia 70 akahesabiwa amepita bila kupingwa. Kulikuwa na nini cha kuchambua, ikiwa mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu? Ulipokuja uchaguzi wa vyama vingi tarehe 29 Desemba 1992, Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura, upinzani ukiwa umegawanyika baina ya Matiba, Kibaki na Jaramogi. Mwaka 1997 Bi. Charity Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati, aligombea urais akapata karibu asilimia 8, katika uchaguzi uliovurugwa na mvua za El Niño hata siku ya pili ikaongezwa. Siku hizo kura zilisafirishwa kwenye masanduku hadi mahali pa kuhesabia, na safari hiyo ilikuwa na mengi. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2002, kura zilipohesabiwa palepale kituoni. Tangu hapo mwandishi wa habari akaweza kusimama mlangoni mwa shule ya msingi, akaandika matokeo, akayatuma Nairobi. Mchambuzi wa televisheni wa Kenya alizaliwa na badiliko hilo.

Mwaka 2007 tuliona kipaji chake na hatari yake kwa pamoja. Vituo vya televisheni vilijumlisha matokeo kadiri yalivyoingia, na kwa siku mbili vilimwonyesha Raila Odinga akiongoza. Tarehe 30 Desemba marehemu Samuel Kivuitu, mwanasheria mwenzetu na mwana wa Ukambani, akamtangaza Kibaki kuwa mshindi, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Siku chache baadaye Kivuitu alipoulizwa kama Kibaki alishinda, alijibu kwamba hajui. Watu 1,133 waliuawa katika ghasia zilizofuata, na tume ya Jaji Kriegler ikasema kwamba hesabu zilikuwa zimechafuka hata haiwezekani kujua nani alishinda. Baada ya msiba huo, vyombo vya habari vikaingiwa na hofu ya kujumlisha. Mwaka 2013 vilisubiri namba za tume, vikaziweka kwenye kioo, vikaita watu waje kuzifasiri.

Sasa nifike kwa mtu mwenyewe. Bwana Mutahi Ngunyi ni mwanasayansi wa siasa aliyejulikana kwanza kwa makala zake magazetini, kisha kwa video na mahojiano ya televisheni. Mapema mwaka 2013, kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi, alitoa hoja iliyotikisa nchi. Alisema uchaguzi ule ulikwisha kuamuliwa tarehe 18 Desemba 2012, siku uandikishaji wa wapiga kura ulipofungwa. Hoja yake ilikuwa hivi: chukua daftari la wapiga kura, hesabu waliojiandikisha katika maeneo yanayomuunga mkono Uhuru Kenyatta na William Ruto, hesabu waliojiandikisha katika maeneo ya Raila Odinga na Kalonzo Musyoka, toa hiki katika hiki, na umeshampata rais. Aliuita udhalimu wa namba. Matokeo yalipotoka Uhuru akiwa na kura 6,173,433, sawa na asilimia 50.07, Bwana Ngunyi akageuka nabii. Jina alilolitoa likaingia katika mahubiri, katika mabishano ya matatu, na katika vinywa vya wale vijana niliowataja.

Mimi sisimami hapa kumtukana. Nusu ya hoja yake ni kweli tupu, nayo ni nusu tusiyopenda kuisikia. Uandikishaji ule ulidumu siku 30, kuanzia tarehe 19 Novemba. Tume ilikuwa imelenga watu milioni 18, wakajiandikisha milioni 14.3. Asiyejiandikisha tarehe 18 Desemba alikuwa amekwisha kutoa uamuzi wake, hata kama Machi alitembea na bendera mkononi. Hakuna mahali ambapo jambo hili limeonekana wazi kuliko hapa kwetu Makueni. Seneta wetu Mutula Kilonzo alifariki Aprili 2013, miezi miwili tu baada ya kuchaguliwa, na chama kikamteua bintiye, Bi. Diana Kethi Kilonzo, wakili ambaye nchi nzima ilikuwa imemwona Machi ile akitetea ombi la kupinga matokeo ya urais mbele ya Mahakama ya Juu. Alikuwa na jina, alikuwa na elimu, alikuwa na huruma ya watu. Lakini jina lake halikupatikana katika daftari la wapiga kura, na mahakama ikakubaliana na tume kwamba hawezi kugombea. Ndugu yake, Mutula Mdogo, akasimama mahali pake na kushinda tarehe 26 Julai. Nilipokuwa nikisoma uamuzi ule niliwaza kwamba Bwana Ngunyi hangeweza kupata mfano bora zaidi.

Nusu ya pili ndiyo ninayoipinga, na naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ni hesabu.

Kura zote zilizopigwa mwaka 2013, pamoja na zilizoharibika, zilikuwa 12,330,028. Nusu yake ni 6,165,014. Toa hiyo katika kura za Uhuru, utabaki na 8,419. Ndizo zilizompitisha juu ya nusu kwa hesabu iliyotangazwa. Nchi yetu ina wadi 1,450, na ukigawanya wapiga kura wote wa mwaka ule kwa wadi hizo, kila wadi ina wastani wa watu 9,900 hivi. Maana yake ni kwamba ule uchaguzi ulioambiwa umeamuliwa miezi miwili na nusu mapema uliepuka duru ya pili kwa kura zisizofika watu wa wadi moja! Mahakama ya Juu baadaye ilisema kura zilizoharibika zisiingizwe katika hesabu ya asilimia, na hapo kiwango kikapanda hadi asilimia 50.5. Hata hivyo, kama watu wa wadi chache tu wangeamka asubuhi ile wakaamua vingine, mchambuzi angekuwa na kazi ya kueleza kwa nini daftari lilimdanganya.

Na wiki ileile kioo kilitudanganya kwa namna nyingine. Kwa siku mbili kura zilizoharibika ziliongezeka kwenye televisheni hadi zikapita laki tatu, na wachambuzi, watu wa shahada kubwa, wakaketi kutueleza sababu. Wakasema wananchi hawakufundishwa, karatasi za kura ni sita, rangi za masanduku zinafanana. Kisha tume ikakiri kwamba ilikuwa hitilafu ya kompyuta iliyokuwa ikizidisha kura hizo mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Nakumbusha jambo hili si kwa kejeli. Nakumbusha kwa sababu maelezo yale yalipatikana haraka sana, tena yalikuwa mazuri, tena yalieleza jambo ambalo halikuwapo.

Hoja ya Bwana Ngunyi inasimama juu ya kudhani kwamba watu wa lugha moja ni gunia moja, na mwenye gunia ni mmoja. Tazameni Ukambani. Mwaka 2013 watu wa Makueni waliwapa CORD kura ya urais, lakini kwa ugavana wakamchagua Profesa Kivutha Kibwana kwa tikiti ya chama kidogo cha Muungano, wala si Wiper, kwa sababu walimkumbuka mwalimu wa sheria aliyeongoza harakati za katiba katika miaka ya tisini. Mwaka 2017 watu wa Kitui walimpigia Kalonzo akiwa mgombea mwenza wa NASA, na saa hiyohiyo, katika kibanda kilekile, wakamwondoa gavana wa Wiper, Dkt. Julius Malombe, na kumweka Bi. Ngilu wa NARC. Mwaka 2022 wakamrudisha Dkt. Malombe. Mama wa Mutomo anayeweza kugawa karatasi zake sita kwa vyama vitatu si gunia. Na kama mfano wa kwetu hautoshi, tazameni Mlima Kenya mwaka 2022: rais aliyeondoka madarakani, mwana wa mlima, alisimama na Raila, na mlima ukampa Ruto kura zake. Daftari lilikuwa pale, lugha ilikuwa ileile, na hesabu ya mwaka 2013 haikufaa kitu.

Kuna pia hila ya saa ya kwanza, ambayo si hila ya mtu bali ya jiografia. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2017, tume yenyewe ilitangaza kwamba vituo zaidi ya 11,000 viko nje ya mtandao wa simu wenye nguvu ya kutuma picha za fomu. Vituo hivyo havikuwa Westlands. Ni vya kule Tseikuru, kule Ngomeni, kule ambako afisa husafiri na fomu yake hadi apate mahali simu inaposhika. Kwa hiyo mstari unaouona kwenye televisheni saa mbili usiku umechorwa na watu wenye mtandao mzuri, na mchambuzi anapouita mwelekeo wa nchi, ameisahau nusu ya nchi barabarani. Mwaka ule namba zilitiririka kwenye kioo bila fomu nyuma yake, tofauti ya wagombea ikibaki karibu ileile tangu jioni hadi mwisho. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, majaji wanne dhidi ya wawili, ikaubatilisha uchaguzi wa urais. Sikumwona mchambuzi hata mmoja aliyekuwa ameweka jambo hilo katika ramani yake.

Wakamba wenzangu, sisi tuna heshima ya kale kwa mtabiri. Syokimau aliiona reli kabla ya reli, tukamwamini, na reli ikaja. Lakini wasomaji wa Biblia wamkumbuke pia Mikaya mwana wa Imla, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Mfalme Ahabu alitaka kwenda vitani Ramothi-Gileadi, akawakusanya manabii wapatao mia nne, wote wakasema kwa sauti moja atashinda. Walikuwa jopo kamili, nao walikula wapi? Kwa mfalme. Mikaya peke yake alisema vingine, akapigwa kofi mbele ya watu na kutiwa gerezani, na Ahabu hakurudi. Simwiti mchambuzi yeyote nabii wa Ahabu. Nauliza tu swali ambalo Yehoshafati, mfalme wa Yuda, aliliuliza siku ile baada ya kuwasikia mia nne: je, hakuna mwingine wa kuulizwa?

Hapa sheria ina pengo. Bunge lilipitisha mwaka 2012 sheria kuhusu kura za maoni ya uchaguzi, na sheria hiyo inamtaka anayechapisha maoni hayo aseme nani aliyelipia utafiti, watu wangapi waliulizwa, na kosa laweza kuwa kiasi gani. Mchambuzi akaaye studioni halazimiki kusema lolote kati ya hayo. Aweza kuwa asubuhi mshauri wa mgombea, na jioni mwalimu wa taifa. Sipendekezi azibwe mdomo, maana Ibara ya 34 ya Katiba inalinda uhuru wa vyombo vya habari, na sisi tunaokumbuka siku ambazo nchi ilisikia sauti moja tu ya redio hatuwezi kuomba zirudi. Napendekeza vituo vya televisheni vyenyewe viandike chini ya jina la mchambuzi, kwa herufi zinazosomeka, ni nani amemwajiri au kumlipa katika mwaka ule. Barua ya namna hiyo yaweza kutoka katika parokia yoyote, na ikitiwa sahihi na watu mia mbili haitatupwa kwa urahisi.

Jambo la vitendo ni kubwa zaidi. Ibara ya 86 inataka mfumo wa kura uwe sahihi na wa kuhakikishika, na kwamba matokeo yatangazwe palepale kituoni. Mahakama ya Rufani, tarehe 23 Juni 2017, katika shauri la Maina Kiai, ilisema matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, wala hayawezi kuchezewa Nairobi. Na mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu 34A kutoka vituo 46,229 mahali ambapo kila mtu angeweza kuziona. Vituo vikubwa vya televisheni vilianza kujumlisha fomu hizo, kila kimoja na hesabu yake, namba zao zikahitilafiana, kisha vikanyamaza kabla ya mwisho. Ushahidi wote ulikuwa mezani, na wenye mitambo wakaacha kalamu. Ruto alitangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 233,211.

Tufanye hesabu yetu wenyewe. Kitui ina maeneo bunge manane, Makueni sita. Jumla kumi na manne. Chukulieni, kwa mfano tu, eneo bunge lenye watu 60,000 walioandikishwa. Wakitoka 70 katika kila mia badala ya 85, kura 9,000 zimebaki nyumbani. Zidisheni kwa kumi na manne, mtapata 126,000. Mchambuzi ataiona namba hiyo kesho yake na kuiita uchovu wa mpiga kura. Mimi najua kwamba baadhi yao ni kina mama waliokwenda kuteka maji kilomita nane, na wengine ni vijana walioandikishwa Nairobi na Mombasa, na nauli ya kwenda na kurudi hawana.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Kila kanisa lililoko karibu na kituo cha kura lichague watu wawili, mmoja mwanamke, wasiogombea wala kumfanyia kampeni mgombea yeyote. Kura zikishahesabiwa, fomu 34A hubandikwa hadharani kituoni. Waipige picha, na wainakili pia kwa mkono katika daftari la kanisa, maana simu hupotea na betri huisha: jina la kituo na nambari yake, walioandikishwa, kura za kila mgombea, zilizoharibika, na saa. Kituo kimoja hakizidi watu 700, si kazi ya kumshinda karani wa shule ya Jumapili. Fomu 34B ya eneo bunge itakapotolewa, wakae pamoja wajumlishe. Ikilingana, vema, waandike kwamba imelingana na watie sahihi. Isipolingana, mgombea urais au mwananchi yeyote ana siku saba tu tangu kutangazwa mshindi kupeleka ombi Mahakama ya Juu, na katika siku hizo saba mimi na mawakili wenzangu hatutakuwa na muda wa kuanza kutafuta fomu vijijini. Tutahitaji daftari lililokwisha kuandikwa.

Uandikishaji unaendelea katika ofisi za tume za maeneo bunge isipokuwa karibu na uchaguzi, na Ibara ya 83 haiwataki vijana wetu chochote zaidi ya uraia, umri wa utu uzima, akili timamu, na kutopatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Nimebeba orodha ya anwani za ofisi hizo kumi na nne. Iko mezani kwa katibu. Sasa nitapokea maswali, nikianza na akina mama walioketi nyuma, ambao nimewaona wakiinua mikono tangu nilipotaja maji.